RISASI KUUKUU: KIPI HUFAA TENA NA KIPI HUANGAMIZA

Na tuseme kwamba mzee mmoja wa Ndanai, katika nchi ya chai na ng'ombe wa maziwa ya Bomet, amenunua mbao na mabati ya ghala kuukuu lililosimama miaka mingi katika shamba lililokuwa la setla upande wa Sotik. Katika kuvunja dari anaona kopo la bati la kutilia tumbaku, na ndani yake risasi 23 za bunduki. Nyingine zinang'aa kana kwamba zilitoka dukani jana. Nyingine zimeota kutu ya kijani. Mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, anazitazama kwa furaha.

"Babu," asema, "hii ni shaba tupu. Tuzifungue, tumwage unga wake, shaba tumwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Na hiki kichwa cha mbele tukiyeyushe, tupate timazi ya fundi."

Kijana huyu hana nia mbaya. Mawazo yake ni ya mtu mwekevu asiyependa kitu kipotee bure. Wala si uongo kwamba katika risasi moja vimo vitu vinavyoweza kutumika tena, kwa maana watu wenye ujuzi huvitumia kila siku katika nchi nyingi. Lakini kati ya kazi ya mjuzi na kazi ya mkisiaji pana tofauti ya jicho na vidole. Somo hili laeleza risasi imefanywa kwa nini, viungo vyake vipi hufaa tena, na kwa nini lile kopo la Ndanai halifai kufunguliwa na mzee wala kijana.

VIUNGO VINNE

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana tatu. Kwanza ni madini laini na mazito yenye rangi ya kijivu. Pili ni kile kichwa kinachoruka na kumpiga mnyama au shabaha. Tatu ni kitu kizima kinachotiwa katika bunduki, ambacho wazee wa pwani walikiita kiasi cha bunduki. Ili mambo yasichanganyike, katika somo hili kitu kizima kitaitwa risasi, na kile kinachoruka kitaitwa kichwa.

Risasi nzima ina viungo vinne. Cha kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu sehemu 70 katika mia iliyochanganywa na zinki sehemu 30. Cha pili ni fataki, kikombe kidogo sana kilichokazwa katikati ya kitako cha ganda, chenye dawa inayowaka kwa kugongwa. Cha tatu ni baruti. Cha nne ni kichwa, ambacho mara nyingi ni madini ya risasi yaliyovikwa koti jembamba la shaba au madini mengine magumu.

Mtu anapovuta kifyatulio, msumari wa bunduki huigonga fataki. Fataki hutoa mwali. Mwali huiwasha baruti. Baruti hugeuka kuwa hewa ya moto ambayo hukisukuma kichwa. Chukua mfano wa risasi ya .303, iliyotumiwa na askari wa King's African Rifles na kuenea mashambani kote Kenya. Kichwa chake cha kivita kina uzito wa gramu 11 na kitu, na baruti yake haizidi gramu 3. Lakini baruti hiyo chache huzaa kani ya yapata kilo 3,000 juu ya kila sentimita moja ya mraba, na kichwa hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa mita 740 hivi kwa sekunde. Kani hiyo yote huzuiliwa na chuma cha bunduki na ganda lile jembamba la shaba. Ikiwa baruti imezidi, au si ile iliyopasa, au ganda ni bovu, kani hiyo haitafuata njia ya mtutu. Itarudi kwenye uso wa aliyeishika bunduki.

SOMO LA GHUBA YA MANZA, 1915

Kuokoa viungo vya risasi si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Pengine kazi kubwa kuliko zote za namna hii ilifanyika kaskazini ya Tanga, wakati wa Vita Kuu ya kwanza.

Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya kuwa meli ya Denmark, ilifika pwani ikiwa imebeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na silaha kwa jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifukuza mpaka ikaingia katika Ghuba ya Manza. Huko ilipigwa mizinga, ikashika moto na kuzama katika maji yasiyo na kina kirefu. Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha.

Lakini shehena ilikuwa chini ya maji tu, haikuteketea. Wajerumani wakaleta wapiga mbizi na wapagazi, wakatoa bunduki na risasi zinazotajwa kuwa yapata milioni 4 na nusu. Risasi hizo zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Basi zikafunguliwa moja moja. Baruti ikatolewa ikasafishwa na kukaushwa. Fataki zilizoharibika zikabadilishwa kadiri zilivyopatikana nyingine. Kisha risasi zikafungwa tena. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na mikono mingi. Hata hivyo, nyingi ziligoma ziliposhikwa na askari vitani, kwa sababu chumvi na unyevu haviondoki kwa urahisi mahali vilipokwisha ingia.

Yapasa kuangalia jambo moja katika habari hii. Mafundi wa Manza walijua hakika walichokuwa nacho mkononi. Shehena ilitoka kwa serikali yao, kwa bunduki za namna moja, na baruti iliyotoka katika ganda moja ilikuwa sawa na baruti ya ganda la pili. Walikuwa na wakuu wenye ujuzi, na walikuwa na dhiki ya vita iliyowafanya wakubali hatari. Pamoja na hayo yote risasi nyingi zilikataa kulia. Ikiwa wao, waliojua asili ya kila kitu, walipata hasara hiyo, je, mtu asiyejua hata nani alilijaza kopo lake atapata nini?

RISASI ILIYOJAZWA KWA MKONO

Risasi nyingi hutoka kiwandani. Kenya ina kiwanda chake cha serikali mjini Eldoret, ambacho shirika lake liliundwa kisheria mwaka 1997, na Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro. Lakini katika nchi nyingi, hasa Marekani, wapo wawindaji na walenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani kwa mkono. Ganda lililokwisha lia husafishwa, hurudishwa katika umbo lake kwa mashine ndogo ya mezani, hutiwa fataki mpya, baruti hupimwa kwa mizani, na kichwa kipya hukazwa mdomoni.

Kenya nayo ilikuwa na mabingwa wa kazi hii zamani za uwindaji wa leseni, kabla serikali haijaupiga marufuku mwaka 1977. Finn Aagaard, aliyezaliwa Kenya mwaka 1932 na kufanya kazi ya kuongoza wawindaji, alihamia Marekani baada ya marufuku hiyo akawa mwandishi mashuhuri wa habari za bunduki na risasi mpaka alipofariki mwaka 2000.

Ujuzi wa watu wa namna hiyo unasimama juu ya kipimo. Mizani yao hupima kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, na mizani njema huonyesha hata sehemu ya kumi ya greni moja. Kila namna ya baruti ina jedwali lake lililochapishwa na watengenezaji, lenye kusema ganda fulani na kichwa cha uzito fulani hustahili baruti kiasi gani, na ukomo wake ni wapi. Fundi mwangalifu huandika yote hayo juu ya kisanduku: jina la baruti, uzito wake, fataki, kichwa na tarehe. Karatasi ile ndogo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha risasi. Ikipotea, risasi imekuwa yatima, na hakuna aijuaye tabia yake.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mtu husoma herufi na tarakimu zilizopigwa chapa kwenye kitako cha ganda, akaona jina la kiwanda na mwaka, akasema, "Hii naijua." La. Chapa ile hueleza ganda lilitengenezwa wapi na lini. Haisemi kama ganda hilo lilikwisha lia mara tano, wala ni nani aliyelijaza tena, wala alitia nini. Risasi ya kiwanda na risasi ya mkono zaweza kuwa na chapa moja na sura moja, na ndani zikawa tofauti kama unga wa mahindi na chokaa.

WAJUZI HUFANYAJE

Pengine fundi mwenye leseni hurithi sanduku la risasi za mwenziwe aliyekufa, au hutambua kwamba amekosea kipimo. Hupenda kuzifungua ili aokoe vilivyo vizima. Kanuni zao, zilizotokana na ajali za miaka mingi, ni hizi.

Baruti isiyojulikana haitumiwi kamwe. Hii ndiyo kanuni ya kwanza, na haina msamaha. Baruti za kisasa hufanana mno: nyingine ni vijiti vifupi vyeusi, nyingine vipande bapa, nyingine punje za mviringo. Baruti ya zamani ya Kiingereza, kordaiti, ilikuwa kama tambi. Lakini sura haionyeshi mwendo wa kuwaka. Baruti ya bastola huwaka upesi sana. Ya bunduki ndefu huwaka polepole zaidi. Mtu akitia ya bastola katika ganda la bunduki kwa kipimo cha ile nyingine, ametengeneza bomu, wala hatajua mpaka avute kifyatulio. Tena baruti huzeeka. Ile yenye harufu kali ya asidi, au yenye vumbi la rangi ya kutu, imekwisha kuoza. Kwa hiyo mjuzi huiharibu baruti ya yatima kwa njia ya salama, hata ikiwa inaonekana njema. Thamani yake ni ndogo kuliko bei ya jicho.

Fataki nzima haichokonolewi. Kati ya viungo vinne, huu ndio mdogo na ndio mkali. Hulia kwa kugongwa, kubanwa, au kupashwa moto. Mjuzi huiacha mahali pake, akalitumia ganda pamoja na fataki yake ikiwa anaijua, au huiliza tupu ndani ya bunduki bila baruti wala kichwa. Tena ziko namna mbili zilizobuniwa karne ya 19. Ile ya Boxer, Mwingereza, hutoka kwa urahisi baada ya kulia kwa sababu ganda lake lina tundu moja katikati. Ile ya Berdan, Mmarekani, ni ngumu kutoa. Ajabu ni kwamba Wamarekani walishika ile ya Mwingereza, na majeshi ya Uingereza na ya Ulaya yakatumia sana ile ya Mmarekani. Magamba mengi ya .303 ya kijeshi ni ya Berdan, ndiyo maana hayakupendwa na wenye kujaza upya.

Fataki za zamani zina ubaya mwingine. Baadhi yake zilikuwa na zebaki, ambayo huifanya shaba iwe kavu na kuvunjika. Nyingi zilikuwa na chumvi ambayo ikibaki katika mtutu huvuta unyevu na kuleta kutu. Kwa sababu hiyo askari wa zamani walifundishwa kumwaga maji ya moto ndani ya mtutu baada ya kupiga, kisha kukausha na kutia mafuta.

Ganda hufaa tena, lakini si milele. Kila liliapo hutanuka, na kila likirudishwa katika umbo lake shaba huwa ngumu zaidi. Mwishowe mdomo hupasuka, au mstari mwembamba unaong'aa huonekana kulizunguka karibu na kitako. Mstari huo ni onyo kwamba ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Magamba ya .303 yanajulikana kwa ugonjwa huu, kwa kuwa bunduki nyingi za Lee-Enfield zina chumba kipana ambacho hulivuta ganda kila mara. Ganda lenye mstari, ufa au kutu iliyokula shaba husagwa, halijazwi.

Kichwa ndicho kiungo kisicho na ugomvi mwingi. Kikitolewa kwa chombo chake, bila kukwaruzwa wala kupindwa, na kikipimwa uzito, hufaa tena. Kilichotiwa alama na koleo hutumiwa kwa mazoezi tu.

Basi msomaji ataona kwamba katika viungo vinne, viwili hufaa baada ya kukaguliwa, kimoja huachwa mahali pake, na kimoja hutupwa ikiwa asili yake haijulikani. Na kazi yote hufanywa na mtu mwenye leseni, mwenye vyombo, asiyevuta tumbaku mezani, aliyevaa miwani ya kukinga macho, na anayefungua risasi moja kwa wakati mmoja. Kisu, koleo na nyundo ya seremala si vyombo vya kazi hii.

JUA NA UNYEVU

Nchi zetu zina adui wawili wa risasi. Wa kwanza ni joto. Kordaiti, iliyoanza kutumika katika risasi za .303 mwaka 1891, huzidisha kani siku ya jua kali. Mafundi wa Uingereza walilijua jambo hilo, hata wakatengeneza risasi zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto. Risasi iliyokaa chini ya bati miaka hamsini imepikwa kila mchana na kupozwa kila usiku, na hakuna jedwali linaloweza kueleza hali yake.

Wa pili ni unyevu na uzee. Mwaka 1956 kiwanda cha Winchester cha Marekani kilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya tembo na nyati, nayo ikaenea upesi kwa wawindaji na maaskari wa wanyama wa Afrika. Baruti yake ilishindiliwa sana ndani ya ganda fupi. Baada ya muda, katika baadhi ya risasi hizo, baruti iligandamana kama sukari iliyolowa, ikashindwa kuwaka sawasawa. Kichwa kilitoka kwa uvivu, na mtu aliyesimama mbele ya nyati akaona silaha yake imemsaliti. Ikiwa risasi mpya za kiwanda mashuhuri ziliweza kufanya hivyo, si busara kuamini zile za dari la Sotik.

Risasi ikigongwa isilie, hatari haijakwisha. Fataki dhaifu yaweza kuwaka polepole na kulia baada ya kitambo. Mwenye bunduki hufundishwa kuielekeza mahali pa salama na kungoja nusu dakika kamili kabla ya kufungua. Wengi waliofungua kwa haraka walijuta.

MOTO NA MOSHI

Wapo wadhanio kwamba njia rahisi ni kuzitupa risasi motoni zilie zenyewe, kisha kuokota shaba majivuni. Hili ni kosa kubwa kuliko yote. Nje ya bunduki hakuna chuma cha kulizuia ganda, kwa hiyo lenyewe hupasuka. Kichwa kizito hakiendi mbali, lakini vipande vya shaba na fataki huruka vikali kama wembe. Watoto wanaozunguka moto hupigwa usoni.

Hata madini ya risasi yana sumu yake. Huyeyuka kwa joto la digrii 327, moto ambao jiko la kawaida huweza kuutoa, na mvuke na vumbi lake huingia mwilini bila mtu kuhisi. Humdhuru zaidi mtoto, ambaye akili na damu yake hupungukiwa. Kenya imekwisha kuona msiba huo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu wakazi. Na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sufuria iliyoyeyusha risasi mara moja haifai tena kupikia ugali.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Haisemi bunduki peke yake. Risasi moja mfukoni, bila bunduki, yatosha kumfikisha mtu mahakamani. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kusimamia silaha na risasi.

Wazee wa Kenya hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, kukutwa na risasi bila udhuru wa kisheria kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi aliposhtakiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, mashtaka yake yalikuwa ni bastola moja na risasi 6. Akanyongwa mwezi wa Februari 1957. Siku hizo zimepita na sheria hiyo imepita. Lakini risasi bado ni kitu kinachohesabiwa moja moja. Mwezi wa Novemba 2016 serikali ilichoma huko Ngong bunduki zaidi ya 5,000 zilizokusanywa kwa watu, ili zisirudi tena mitaani wala katika mipaka ya wizi wa ng'ombe.

Jambo hilo lawagusa watu wa Ndanai, walio karibu na mipaka ya Nyamira na Narok. Risasi iliyookolewa na kijana mwekevu leo yaweza kununuliwa kesho na mtu asiye mwekevu wala mwema, kisha ikalia usiku katika boma la jirani.

YAMPASAYO MZEE

Turudi kwa mzee na kopo lake. Amemsikiliza mjukuu mpaka mwisho, kwa kuwa kijana aliyesoma hastahili kunyamazishwa kama mtoto. Kisha amemwuliza maswali matatu. "Nani alizijaza? Alizijaza nini? Zimekaa juu ya dari hilo tangu lini?" Kijana hakuweza kujibu hata moja. "Basi," asema mzee, "tusifungue mlango ambao hatujui nyuma yake amelala nani."

Na mambo yampasayo kufanya ni haya. Aliache kopo mahali lilipo, bila kulitikisa, wala kulisugua kutu, wala kulipasha jua. Awaondoe watoto, na amweke mtu mzima wa kulinda. Apeleke habari kwa chifu au kituo cha polisi, na aseme idadi na mahali. Asizichukue mwenyewe katika matatu au pikipiki, kwa sababu akisimamishwa njiani itakuwa vigumu kueleza kwamba alikuwa akienda kuzisalimisha. Polisi watakuja kuzichukua na kuziharibu kwa utaratibu wao.

Kuhusu magamba matupu yaliyokwisha lia, ambayo wachungaji wa kaskazini tangu zamani waliyafanya mapambo, hatari ni ndogo. Lakini hata hayo yaonyeshwe kwa polisi kwanza, maana fataki isiyo na alama ya kugongwa bado ni hai, na si kila macho huitambua.

Kijana atapoteza bei ya shaba ya risasi 23, ambayo ukiipima ni robo kilo na zaidi kidogo, fedha za kununulia sukari na majani ya chai. Atabaki na vidole kumi na macho mawili, ambavyo hakuna mnunuzi wa vyuma chakavu awezaye kuvilipia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja viungo vinne vya risasi, na kazi ya kila kimoja.
2. Kwa nini chapa ya kitakoni haitoshi kumjulisha mtu kilichomo ndani ya ganda?
3. Mafundi wa Ghuba ya Manza walijua nini ambacho mzee wa Ndanai hakujua? Na kwa nini risasi zao nyingi ziligoma hata hivyo?
4. Mtu akikuta risasi katika shamba lake, afanye nini kwanza, na asifanye nini kabisa?